Kabla Hujawasha Siga, Muulize Msomaji

Mwaka 2018 nilikuwa nafanya kazi kwenye baa moja ya watu wenye pesa hapa Nairobi, orofa ya juu kabisa. Sitaitaja jina. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta ndogo yenye kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na siga zimepangwa kama mikate dukani, pamoja na kipimo cha unyevu ambacho nilitakiwa kukiangalia kila saa. Kuna neno biri, najua, lakini pale kila mtu alisema siga, nami nitasema hivyo hivyo.

Usiku mmoja mteja mmoja mzee, mpole, wa kuagiza kahawa badala ya whisky, aliomba risiti yake, akaigeuza na kuandika majina matano mgongoni.

"Kijana," akaniambia, "hizi tano mtu asife kabla hajazivuta. Hata kama ni mara moja tu."

Nikasoma: Montecristo No. 2. Romeo y Julieta Churchill. Cohiba. Padrón 1964. Arturo Fuente Hemingway.

Kwa bei ya kaunta yetu, hizo tano zingemeza kodi yangu ya nyumba na bado nibaki na deni la kiberiti. Lakini kilichonishika si bei, ni majina. Monte Cristo nilikuwa nimeisoma nikiwa shule ya upili, kitabu kisicho na jalada. Romeo na Juliet nani hawajui? Na Hemingway ni yule yule mwandishi aliyekuja kuwinda huku kwetu miaka ya 1930. Majina matatu kati ya matano yalitoka kwenye vitabu. Sasa vitabu viliingiaje ndani ya moshi?

Swali lilinichoma zaidi kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepewa barua ya onyo. Kosa langu? Kusoma riwaya nyuma ya kaunta saa ambayo hakukuwa na mteja hata mmoja. Mdosi alisema kusoma kunaharibu sura ya biashara.

Nilikunja ile risiti nikaiweka kwenye pochi. Ninayo hadi leo.

Majani niliyoyajua

Kabla niende Cuba kwa maneno, wacha niseme kwamba tumbaku sikuijulia Nairobi. Nyanya yangu aliilima Kuria, si mbali na Kehancha. Kama umewahi kupita huko kaunti ya Migori msimu wa kukausha, unajua ile harufu: tamu, nzito, inakaa kwenye shuka na kwenye daftari za shule. Majani yetu yalikaushwa kwa moto wa kuni, usiku kucha mtu akilinda moto, kisha yanapangwa kwa daraja na kuuzwa yageuzwe sigara za kawaida. Tukichuma asubuhi majani yakiwa bado na umande, mikono inanata na kichwa kinazunguka. Binamu yangu alikuwa anatapika. Tulidhani ni jua. Baadaye nilijifunza kwamba ile nikotini ilikuwa inapita kwenye ngozi zetu.

Nyanya hakujua kusoma. Jioni, tukikaa kupanga majani, alikuwa anasema, "Wewe acha hayo majani, chukua gazeti." Basi mimi nasoma Taifa Leo, hata ya wiki iliyopita, hata iliyofungia sukari, nao wanapanga. Nikifika kwa siasa wananisimamisha wabishane. Nikifika kwa vifo wananyamaza. Nilikuwa na miaka tisa na nilidhani ananihurumia tu nisichoke mikono.

Sikujua kwamba ng'ambo ya bahari hiyo ilikuwa kazi, yenye jina, mshahara na maadui.

Siga ni nini hasa

Siga ni majani matupu, hakuna karatasi. Katikati kuna majani ya ndani, mchanganyiko wa majani ya juu ya mmea yenye ukali na yale ya chini yanayoshika moto vizuri. Hayo yanafungwa kwa jani moja gumu, halafu juu kabisa linazungushwa jani la nje, laini, lisilo na tundu, ambalo ndilo mteja analiona na kulipapasa. Majani yake hayachomwi na moto kama ya Nyanya. Yananing'inizwa kwenye mabanda yakauke kwa hewa, halafu yanarundikwa yachachuke, na yanaweza kutunzwa miaka kabla hayajaguswa na msokotaji.

Mnamo Novemba 1492, Columbus alipofika Cuba, aliwatuma watu wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waende bara kumtafuta mfalme. Mfalme hawakumpata. Walichokuta ni Wataino, wenyeji wa kisiwa, wametembea na majani yaliyosokotwa yanayofuka moshi. Wataino wenyewe waliangamizwa karibu wote kwa maradhi, kazi za shuruti na upanga. Moshi wao ukabaki ukauzwa dunia nzima.

Majani bora ya Cuba hutoka magharibi, mkoa wa Pinar del Río, sehemu inayoitwa Vuelta Abajo, yenye udongo mwekundu wa kichanga. Lakini siga zenyewe zilisokotwa mjini Havana, katika kumbi kubwa ambamo mamia ya watu walikaa kwenye madawati kwa safu, kama darasa. Kila mmoja na ubao wake na kisu chake bapa kiitwacho chaveta. Katikati ya karne ya 19 ungekuta humo Wakuba weupe, Weusi huru, Weusi ambao bado walikuwa watumwa, na Wachina walioletwa kwa mikataba ya kinyonyaji. Utumwa Cuba haukuisha hadi 1886.

Kusokota ni kazi ya kimya. Hakuna mashine ya kupiga kelele. Mikono inafanya, masikio hayana kazi. Na wengi wao hawakujua kusoma.

Mtu wa jukwaani

Oktoba 1865, msokotaji aitwaye Saturnino Martínez alianzisha gazeti la wafanyakazi, La Aurora. Desemba mwaka huo huo, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi walikubaliana jambo moja: mmoja wetu aache kusokota, asimame, atusomee. Siga ambazo angesokota saa hizo tutamfidia sisi. Mwezi uliofuata kiwanda cha Partagás nacho kikafuata.

Huyo mtu kwa Kihispania anaitwa lector, yaani msomaji. Alijengewa jukwaa katikati ya ukumbi. Hakukuwa na kipaza sauti, kwa hivyo lazima awe na mapafu. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa magazeti asubuhi, riwaya mchana. Vitabu vilichaguliwa kwa kura. Na hapa ndipo nilisimama nikasoma tena mara mbili: mshahara wake ulitoka mifukoni mwa wasokotaji. Mwenye kiwanda hakumlipa. Kila wiki watu wanachanga, kama sisi tunavyochangia chama, ili wasomewe.

Wakipendezwa, waligonga ubao kwa chaveta, ta-ta-ta, ukumbi mzima. Wakichukizwa, walivitupa visu sakafuni. Fikiria unasoma mbele ya watu mia tatu wenye visu.

Walisomewa Cervantes, Hugo, Zola. Na walimpenda sana Alexandre Dumas, hasa ile riwaya ya miaka ya 1840 kuhusu baharia aliyefungwa bila kosa, akatoroka, akapata hazina, akarudi kuwalipiza kisasi wakubwa mmoja baada ya mwingine. Unaweza kuelewa kwa nini mtu anayelipwa kwa idadi ya siga angetaka kusikia habari hiyo tena na tena. Nyanya yake Dumas, mzaa baba, alikuwa mwanamke mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, kwenye kisiwa jirani kabisa na Cuba. Ukumbi ule ulikuwa unasikiliza hadithi ya mtu wa karibu nao kuliko jina lake la Kifaransa linavyoonyesha.

Mwaka 1935, Alonso Menéndez alipoanzisha chapa mpya Havana, aliiita Montecristo. Inasimuliwa kila mahali kwamba jina lilitokana na riwaya hiyo iliyopendwa ukumbini. Hiyo ndiyo siga ya kwanza kwenye risiti yangu. No. 2 imechongoka kichwani kama penseli, na mashabiki wanaizungumzia kama sisi tunavyozungumzia goli la fainali. Ukiishika, umeshika kura ya watu waliochoka mikono.

Kusoma kunaharibu biashara

Sasa, mdosi wangu hakuwa wa kwanza. Mei 1866, miezi michache tu baada ya El Fígaro, serikali ya kikoloni ya Uhispania ilitoa amri: marufuku kuwavuruga wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku kwa kuwasomea vitabu na magazeti, au kwa mijadala isiyohusu kazi yao. Soma hiyo sehemu ya mwisho polepole. Isiyohusu kazi yao. Kana kwamba mshahara, utumwa na ukoloni havikuhusu kazi yao.

Mwaka 1868 vita vya kwanza vya uhuru vililipuka na kudumu miaka kumi. Wasokotaji wengi walikimbilia Key West, kisiwa kilicho ncha ya Florida. Tajiri Vicente Martínez Ybor naye akahamishia biashara yake huko, na mwaka 1886 akajenga mji mzima wa siga pembeni ya Tampa, ukaitwa Ybor City. Wasomaji wakaenda nao. Huko Marekani amri ya Mhispania haikufika, na majukwaa yakajengwa upya, marefu zaidi.

Novemba 1891, mshairi na mwanaharakati José Martí aliingia Tampa kuhutubia wasokotaji hao. Hakuhitaji kuanza na a-e-i-o-u. Watu walikuwa wamesomewa magazeti kwa miaka. Wengi hawakuweza kuandika majina yao, lakini walijua habari za dunia. Wakaanza kutoa sehemu ya mishahara yao kwa ajili ya vita vya ukombozi, na mwaka uliofuata Chama cha Mapinduzi cha Cuba kikaundwa. Watu wa Tampa wanasimulia hata kwamba amri ya kuanzisha vita mwaka 1895 ilivushwa hadi Cuba ikiwa imesokotwa ndani ya siga. Kama ni kweli au ni chumvi ya wazee, mimi naielewa. Hakuna mahali salama kuliko mfukoni mwa mvutaji.

Kuna mtu mmoja hapo ambaye hayupo kwenye pakiti yoyote: Paulina Pedroso. Mwanamke Mweusi wa Cuba, yeye na mumewe Ruperto walikuwa na nyumba ya wageni Ybor City. Baada ya jaribio la kumwekea Martí sumu, alikaa kwao, wakamlinda. Leo mahali pale ni bustani ndogo ya kumbukumbu ya Martí.

Lakini usifikiri ilikuwa raha tupu. Uhuru ulipopatikana, sheria za ubaguzi za Florida zikawafikia. Mwaka 1900 Wakuba Weusi wa Tampa walijikuta nje ya klabu waliyokuwa wanashiriki na wenzao weupe, wakaanzisha ya kwao, iliyobeba majina ya Martí na ya jenerali Mweusi Antonio Maceo. Walikaa ukumbi mmoja, wakasikiliza kitabu kimoja, na jioni wakapita milango tofauti.

Bwana mwenye siga mdomoni

Siga ya pili kwenye orodha ni Romeo y Julieta, aina iitwayo Churchill. Chapa yenyewe ni ya 1875. Mwaka 1903 ikanunuliwa na Pepín Rodríguez, bwana wa mbwembwe aliyempa farasi wake wa mashindano jina la Julieta. Winston Churchill alizuru Havana mwaka 1946, na siga ndefu ya inchi 7 ikapewa jina lake. Umeona picha zake. Ni vigumu kuupata uso wake bila siga.

Lakini ziara hiyo haikuwa ya kwanza. Novemba 1895, akiwa luteni kijana, Churchill alikwenda Cuba kutazama vita. Upande gani? Wa Uhispania. Alitimiza miaka 21 kule msituni, akitembea na wanajeshi wa mkoloni, risasi za wapigania uhuru zikipita. Wahispania wakampa nishani. Yaani watu wa Tampa wanakatwa mishahara kununua bunduki, na kijana huyo yuko upande ambao bunduki hizo zinaelekezwa.

Sisi huku tunamjua kwa tarehe nyingine. Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa yeye. Kwa hivyo nilipokuwa nikiitoa ile siga kwenye kabati, nikaikata kichwa kwa adabu na kumpa mteja Mkenya aliyevaa suti ya bei ghali, nilikuwa najiuliza kama babu yake alipitia kambi za kizuizini. Sikuuliza. Kazini huulizi.

Ninachotaka kusema ni kwamba siga hupewa majina ya wavutaji na wenye mali. Sijaona hata moja kati ya zile za kabatini iliyoitwa kwa jina la msokotaji aliyechanga senti zake.

Redio

Wasomaji hawakuwa wanaume peke yao. Luisa Capetillo wa Puerto Rico, mwanaharakati wa wafanyakazi na wa haki za wanawake, alisoma viwandani kwao na Tampa pia. Mwaka 1915 alikamatwa Havana kwa kosa la kuvaa suruali. Nampenda sana huyo mama. Ningependa kumwona mdosi wangu akijaribu kumpa barua ya onyo.

Mwisho wa Tampa ulikuja mwaka 1931. Dunia iko kwenye mdororo wa uchumi, watu wanaacha siga wananunua sigara za mashine, na wenye viwanda wanasema wasomaji wanaeneza ukomunisti. Novemba mwaka huo majukwaa yakang'olewa. Wafanyakazi wakagoma, wakashindwa. Mahali pa msomaji zikawekwa redio.

Hapo nilitua kitabu chini nikafikiria. Redio nayo si inasoma? Inasoma habari, inasimulia hadithi, inapiga na muziki juu yake. Tofauti ni kwamba redio huwezi kuipigia kura kitabu gani kifuate. Huwezi kuisimamisha mbishane. Ukitupa kisu sakafuni, haisikii. Nawaza simu yangu, inavyonisomea kutwa nzima vitu ambavyo sikuvichagua, na mwenye kuilipa si mimi.

Cuba kwenyewe, msomaji hakufa. Alirudi baada ya marufuku za mkoloni, akapita vita na serikali mbalimbali, na mwaka 2012 nchi hiyo ikatangaza kazi ya kusoma viwandani kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Tatu zilizobaki

Zilizobaki nitazipitia haraka, maana historia yake ni ya watu kugombania jina.

Fidel Castro aliingia madarakani 1959. Mwaka 1960 serikali ikataifisha viwanda, na wenye chapa wakakimbia na majina yao. Ndiyo maana leo kuna Montecristo mbili, Romeo y Julieta mbili, Partagás mbili: moja ya Cuba na nyingine inayosokotwa nje, hasa Jamhuri ya Dominika. Februari 1962 Rais Kennedy akaweka vikwazo kamili vya biashara dhidi ya Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alikuja kusimulia kwamba usiku uliotangulia alitumwa kumnunulia rais siga elfu moja, akarudi na 1,200 za Petit Upmann. Kennedy alipohakikisha ziko kabatini, akatoa kalamu. Wakubwa ni wakubwa kila mahali.

Cohiba ilizaliwa 1966 kwa ajili ya Castro na wageni wake. Inasemekana alinusa siga ya mlinzi wake, akauliza imetoka wapi, akaambiwa ni ya msokotaji rafiki aitwaye Eduardo Rivera. Zikaanza kusokotwa El Laguito, jumba la tajiri aliyekimbia, na wanawake wakafunzwa kazi ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ya wanaume. Jina ni la Kitaino, wale wale wa 1492. Hazikuuzwa sokoni hadi 1982. Castro aliacha kuvuta 1985.

Padrón ni hadithi ya mkimbizi. José Orlando Padrón alifika Miami bila kitu, akapewa nyundo na rafiki, akafanya useremala, akadunduliza, na mwaka 1964 akafungua kiwanda kidogo. Baadaye akahamia Nicaragua. Mwaka 1978 kiwanda chake cha Estelí kiliteketezwa katika machafuko ya kule. Mwaka huo huo alikwenda Havana na ujumbe wa kuomba wafungwa wa kisiasa waachiliwe, akapigwa picha akimpa Castro siga. Wafungwa waliachiliwa kwa maelfu. Wakimbizi wenzake hawakumsamehe ile picha: ofisi yake Miami ilitegwa mabomu zaidi ya mara moja.

Ya tano, Arturo Fuente Hemingway. Familia ya Fuente ilianzia West Tampa mwaka 1912, jirani na majukwaa yale yale. Lakini mimi hii inanigusa kwa sababu ya ngozi yake. Jani la nje, lile ambalo mteja analipapasa na kusifu, linaitwa Cameroon. Ni jani jembamba lenye vipele vidogo kama ngozi iliyosikia baridi, la mbegu yenye asili ya Sumatra, likalimwa Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Usiku ule nilipofika kwa jina hilo nilitoa moja kabatini, nikaipitisha chini ya pua. Mwandishi Mmarekani kwa jina, jani la Mwafrika kwa nje. Mkulima wake naye nadhani ana nyanya anayepanga majani mahali.

Mara moja tu

Utauliza kama nimezivuta. Moja. Yule mzee mteja, siku ya mwisho nilipomwona, aliacha Montecristo nzima juu ya kaunta, akaondoka bila maneno. Niliivutia nje, ngazi za nyuma karibu na mapipa, zamu ikiwa imeisha. Usivute moshi uingie mapafuni, wanakwambia, uache mdomoni. Sawa. Dakika kumi za kwanza niliona ubao, kahawa, ngozi, yote wanayoandika kwenye vipeperushi. Dakika ya ishirini kichwa kikaanza kuzunguka, na mkono wangu wa kulia ukanata kwa jasho. Nikajua mara moja niko wapi. Niko Kuria, na binamu yangu anatapika kando ya shamba.

Nikaizima. Siga inaua kama sigara inavyoua, mdomo, koo, moyo, na sitajifanya historia nzuri inabadilisha hilo. Orodha ya mzee sitaimaliza. Wewe kama unataka kuonja mara moja, ni mdomo wako. Ila ujue kwamba kitu kikubwa kilichotengenezwa kwenye kumbi zile hakikuwekwa kwenye kisanduku.

Kazi ile niliiacha baada ya barua ya pili ya onyo. Kosa lile lile.

Desemba nilipoenda nyumbani, Nyanya alikuwa ameacha tumbaku, analima mahindi, na macho yamefifia. Nikamsimulia habari za El Fígaro, jukwaa, visu vinavyogonga mbao. Alisikiliza akimenya viazi vitamu kwa kupapasa.

"Nani alikuwa anamlipa huyo wa kusoma?" akauliza.

"Wao wenyewe, Nyanya. Wale wafanyakazi."

"Si tajiri?"

"Si tajiri."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya haki. Halafu akasema, "Na wewe nilikuwa nakulipa nini?"

Nikafikiria. "Kile kiazi cha kwanza kutoka jikoni. Kabla ya wengine."

"Ulidhani nakupendelea?"

Sikujibu. Nilidhani hivyo kwa miaka ishirini.

"Ilikuwa mshahara," akasema. Akasukuma kiti changu kwa mguu kuelekea mlangoni, ambako bado kulikuwa na mwanga. "Gazeti liko juu ya kabati. Anza na vifo."